Debe Inasema Pole

Naandika haya nikiwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nipoe kwanza. Nilipoa miaka miwili mizima. Nilikula kuku wa mkutano, nikapokea mwavuli wa bure, nikanyoosha mkono pamoja na wenzangu, na matokeo yake tulikaribia kuuzwa kama ng'ombe wa mnada. Kama si mwanamke mmoja wa Kiminini anayeitwa Nabwile, saa hii tungekuwa wageni katika nyumba tuliyoijenga wenyewe.

Mimi ni Hesbon, mwalimu mstaafu, mwanachama nambari 2,114 wa sacco ambayo jina lake la karatasi ni refu mpaka wenyewe hatulikumbuki. Sisi tunaiita Debe. Mwaka wa 1974 wakulima waliokuwa wamepata mashamba madogo huku Trans-Nzoia walikuwa wakipanga foleni kwenye benki moja mjini Kitale kuomba mkopo wa mbolea. Meneja aliwauliza hati ya shamba, nao hati hawakuwa nayo kwa sababu shamba lenyewe bado walikuwa wanalilipia. Akawaambia warudi kesho. Walirudi kesho kwa miezi mitatu. Mwishowe watu arobaini na mmoja, Wabukusu, Wasabaoti, Wanandi na Mteso mmoja, walikubaliana kila mtu alete debe moja la mahindi katika stoo ya kanisa pale Kiminini. Mahindi hayo ndiyo yaliyokuwa benki yetu ya kwanza. Mama yangu alikuwa nambari kumi na saba, na debe lake alilibeba kichwani akiwa na mimba ya kitinda mimba wetu.

Waliweka sheria moja ambayo hata mtoto angeielewa: mtu mmoja, kura moja. Uwe na ekari mia au uwe na kitalu cha sukuma wiki nyuma ya nyumba, kura ni moja. Kwa sheria hiyo Debe ilitoka stoo ya kanisa ikajenga Kiminini, ikaenda Kitale, ikashuka mpaka Bungoma. Jengo la Kitale tulilijenga kwa matofali, kila mwanachama akileta mia moja, na mengine yalikuwa yamepinda kweli kweli. Mpaka leo ukuta wa nyuma una tumbo. Tunaupenda hivyo hivyo.

Nabwile aliingia Debe mwaka wa 1987 akiwa na miaka ishirini. Baba yake alikuwa amekufa, karo ilikuwa imemtoa shule kidato cha pili, akaajiriwa kufagia na kuchemsha chai. Karani wa wakati ule akagundua kwamba msichana wa chai anajua jina na nambari ya kila anayeingia mlangoni. Baada ya miaka miwili akapewa rejista, kile kitabu kikubwa chenye jalada jeusi kilichoandikwa wanachama wote tangu wale arobaini na mmoja. Mwaka wa 2008, baada ya uchaguzi, nyumba zilipokuwa zinachomwa na majirani hawasalimiani, alikifunga kitabu hicho kwa leso, akakificha ghalani chini ya mahindi, akatandika mkeka juu yake siku kumi na moja. Watu walipotulia, kila mmoja alikuta jina lake palepale alipoliacha, Mbukusu na Msabaoti, mstari kwa mstari.

Lakini jina la utani alilipata kwa kazi nyingine. Tangu mwanzo Debe ina desturi yake: mwanachama akifa, Debe inatuma mtu mmoja kwenye mazishi na debe moja la unga wa kulisha waombolezaji. Mtu huyo hatoi hotuba. Ikifika zamu yake anasimama, anataja jina la marehemu na nambari yake, anasema, "Debe inasema pole," kisha anaketi. Basi. Kazi hiyo wengine waliikwepa kwa sababu ilikula Jumamosi zote za mwaka. Nabwile akaichukua. Alikwenda Endebess na Chwele, alipanda Kapsokwony kwenye matope, alishuka Kanduyi, unga ukiwa nyuma ya baiskeli na baadaye nyuma ya pikipiki. Kila alikokwenda alirudi na ile programu ya mazishi yenye picha ya marehemu mbele na nyimbo nyuma, akaiweka kwenye katoni ya mafuta ya kupikia. Katoni ikajaa, akaanza ya pili, kisha ya tatu. Watu wakamwita Mama Matanga. Alikuwa anacheka tu na kusema, "Nyinyi chekeni, lakini nyote nitawafikia."

Sasa sikilizeni kosa lake, maana kosa alilifanya, na lilikuwa kosa la mtu mwema, ambalo ndilo baya kuliko yote.

Mwaka wa 1991 mjane mmoja alikuja kutoa habari ya kifo cha mumewe. Nabwile, kijana wa kazi, alifungua rejista mbele yake, akachukua kalamu nyekundu na kupiga mstari juu ya jina la marehemu, kama alivyofundishwa. Yule mama aliona ule mstari akaanguka chini. Alilia mpaka wateja wakaondoka. "Tulimzika juzi," alisema, "na wewe unamzika tena leo mbele ya macho yangu." Nabwile akaitupa ile kalamu kwenye choo cha nyuma. Tangu siku hiyo hakufuta jina la mtu. Mzee alikufa, jina lake likabaki, na watoto wakaendelea kuweka akiba kwa jina la mzee mpaka mjukuu aliyerithi jina hilo akue na kuingia mwenyewe. Sisi huku tunawapa watoto majina ya waliotangulia, kwa hiyo jambo hilo tuliliona sawa kabisa. Wakaguzi walipokuja walimgombeza. Aliwachemshia chai akawaambia, "Bana, jina si deni. Linakula nini hapo?"

Jina halili kitu, ni kweli. Lakini kumbe jina linaweza kulishwa.

Mumewe aliitwa Eliakim, nambari 903. Alikuwa fundi wa mashine za kupukuchua mahindi, mtu mkimya mwenye kofia iliyokuwa na mafuta kuliko injini. Mwaka wa 1998 mashine ilimkata vidole vinne vya mkono wa kulia. Tangu hapo aliweka alama ya dole gumba kila mahali, na akawa anatania kwamba hilo gumba limebaki ili apate kukopa. Alikufa mwaka wa 2011. Kwenye mazishi yake, ilipofika zamu ya Debe kwenye programu, mwongozaji alitazama karatasi, akatazama mjane, akasema, "Debe ndio hawa wafiwa, tuendelee." Watu wakacheka kidogo, tukaendelea na kwaya. Nilikuwepo. Nilicheka pia.

Nakuja kwa mwenyekiti wetu, Wakhungu. Baba yake alikuwa nambari sita, mzee aliyetembea kwa miguu kutoka Kimilili kuleta debe lake. Mtoto wa mzee huyo! Kikulacho ki nguoni mwako, tuliimba hivyo shuleni tukidhani ni wimbo wa chawa. Miaka miwili iliyopita, kwenye mkutano wa kila mwaka, alituletea badiliko la sheria ndogo. Ati mwanachama ambaye ni mzee au mgonjwa aruhusiwe kupiga kura kwa karatasi, amtume mtu ailete. Lilisomwa haraka, saa saba kasoro, harufu ya kuku ikipita juu ya vichwa vyetu. Nabwile alisimama akauliza, "Na hizo karatasi atazihakikisha nani?"

Unajua tulimjibu nini? Tulimwambia aketi, chakula kinapoa. Mmoja nyuma akapaza sauti, "Mama Matanga, hapa hakuna maiti!" Tukacheka, tukanyoosha mikono, sheria ikapita. Mwezi huohuo akastaafishwa kwa saa ya ukutani, na ile saa haikumaliza hata mwaka kabla ya kusimama.

Mwaka huu Wakhungu akatangaza mkutano mkuu maalum. Kulikuwa na mwekezaji kutoka Nairobi, kampuni ambayo sitaitaja kwa sababu sina nauli ya kwenda kortini. Ingeichukua Debe yote, majengo na kila kitu, na sisi tungekuwa "wateja wa thamani". Tawi la Kiminini lingefungwa. Hakungekuwa na mtu mmoja kura moja tena. Kilichohitajika ni theluthi mbili za kura, na mwenyekiti alikuwa anatembea Bungoma nzima na suti mpya, ametulia kama mtu aliyekwisha kuhesabu.

Kwa sheria, majina ya waliotuma karatasi lazima yabandikwe siku saba kabla. Yalibandikwa Kitale, kwenye ukuta ule wenye tumbo, nyuma kabisa karibu na choo. Nabwile alinipigia simu. "Mwalimu, njoo na miwani yako," alisema. "Mimi naona vitu hapa sitaki kuviona peke yangu."

Nilimkuta amesimama na kidole chake kwenye karatasi ya kwanza. "Soma hapa," alisema.

"Kipyegon, Endebess, nambari mia mbili na nane," nilisoma. "Amekubali."

"Huyu nilimzika 2003. Unga tulipeleka kwa punda kwa sababu barabara ilikuwa imekatika. Shuka chini."

Nilishuka. Phelista wa Chwele, amekubali. "2016," alisema Nabwile. "Kwaya iliimba vibaya." Kemboi wa Kiminini, amekubali. "2009. Alikuwa mtu mbaya lakini nilikwenda." Aliendelea hivyo, jina na mwaka, jina na mwaka, bila kitabu. Karatasi zilikuwa mia sita hamsini na tano. Zaidi ya mia tano zilikuwa za watu walio chini ya ardhi. Tulikuwa tumeuzwa sote kwa mikono ya wazee wetu, wazee walewale waliobeba madebe.

Kwenye ukurasa wa tisa kidole chake kilisimama. Sikuhitaji miwani. Eliakim, nambari 903. Amekubali. Na kwa kuwa nakala za karatasi zilikuwa zimebandikwa pia, tuliiona sahihi yake: jina zima limeandikwa kwa wino wa bluu, herufi zimelala vizuri, na mkia mrefu chini.

Nabwile hakulia. Alicheka kicheko kifupi cha kutisha. "Mwalimu," alisema, "mume wangu ameota vidole."

Tulikwenda moja kwa moja Bungoma, kwenye ofisi ya mwenyekiti pale Kanduyi. Wakhungu alitukaribisha vizuri, akaita soda. Nabwile hakugusa soda. Alimwambia, "Kijana wa Mzee, umechukua wafu wangu."

Wakhungu hakukasirika, na hilo ndilo linalonichoma mpaka leo. Alifungua kabati, akatoa rejista, kile kitabu cheusi chenyewe, akakiweka mezani na kukigonga kwa kidole. "Mama," alisema, "mimi najua nini? Rejista inasema hawa ni wanachama hai. Hakuna aliyefutwa. Na huu mwandiko ni wa nani?"

Ulikuwa wake. Kurasa zote safi, bila mstari mwekundu hata mmoja tangu 1991. Nilimtazama uso wake nikaona kitu kikivunjika ndani. Tulipotoka nje nilianza kumwambia si kosa lake, akanikatiza. "Wacha, Mwalimu. Usinipake mafuta. Mimi ndio nilifungua mlango nikasema ni heshima."

Kesho yake asubuhi nilimkuta uani kwake ametandika mikeka miwili na kumwaga zile katoni tatu. Programu zilikuwa zimejaa kila mahali, nyuso za watu wetu zinatutazama kutoka kwenye nyasi. Alikuwa anazipanga kwa nambari. Nilipiga magoti nikamsaidia siku tatu, na mgongo wangu haujanisamehe. Tulipiga simu kila nyumba tuliyoweza. Tuliwaambia jambo moja tu: baba yako amepiga kura, njoo mkutanoni Mabanga Jumamosi.

Walikuja. Ukumbi wa Mabanga ulijaa, na wengine wakasimama madirishani. Tulikuwa wanachama mia nne na kumi na wawili, bila kuhesabu jamaa za marehemu. Kuku walikuwa wakikaangwa nyuma kama kawaida. Afisa wa ushirika aliyekuja kusimamia kura alikuwa mwanamke kijana anayeitwa Lorna Jepchirchir, mwenye faili kubwa na sura isiyocheka. Mikono ilinyooshwa kwanza. Waliokubali kuuza walikuwa tisini na sita tu. Kisha Wakhungu akainua bunda la karatasi, mia sita hamsini na tano za "nakubali", akaliweka mezani kwa sauti. Kwa hesabu hiyo tulikuwa tumekwisha.

Nabwile akasimama. "Hawa watu wamekufa," alisema. "Mimi niliwazika."

Kelele zikapanda. Jepchirchir aligonga meza mpaka wakanyamaza. Alifungua rejista, akageuza kurasa taratibu, akamtazama Nabwile kwa huruma ambayo haikusaidia kitu. "Mama, nakuamini," alisema. "Lakini mimi nafuata kitabu. Aliye ndani ya kitabu bila kufutwa ni mwanachama, na kura yake nahesabu. Ukitaka nisihesabu, lazima afutwe hapa mbele ya mkutano, na mtu wa kwao ashuhudie au ulete ushahidi wa mazishi. Na mkianza, mtamaliza orodha yote. Hamtachagua. Mkiruka hata mmoja, mwenyekiti anaweza kwenda mahakama ya ushirika kusema mlibagua, na mahakama itamsikiliza."

Watu wa rika letu walikumbuka kisa cha yule mjane. Nabwile alisimama mikono imekunjwa kwa hasira, si kwa woga. Kisha akageuka kwangu. "Mwalimu, bado unatembea na kalamu yako nyekundu?"

Ninatembea nayo. Miaka thelathini na minne ya kusahihisha hesabu haimtoki mtu. Niliitoa mfukoni nikampa, na mkono wake ulikuwa wa moto.

Alianza. "Kipyegon, Endebess, mia mbili na nane."

Chelagat, binti yake, mama mzima mwenye wajukuu, alisimama dirishani. "Tulimzika," alisema. Kalamu ikapita. Ule mkwaruzo ulisikika ukumbi mzima.

"Phelista, Chwele."

"Huyo ni mama yetu. Tulimzika, na huyo mwizi aliyeandika jina lake apate laana!" Jepchirchir akaomba watu wajibu tu. Lakini hawakujibu tu, na mimi sikuwalaumu. Mzee mmoja wa Kanduyi alipoitiwa kaka yake alijibu akipiga mkongojo sakafuni: "Tulimzika, na mvua ilikuwa kubwa. Wewe Nabwile nilikukalibisha chai. Si unakumbuka? Sasa huyu ndugu yangu alitoka saa ngapi kwenda kupiga kula?" Wengine walijibu wakilia. Penye jina lisilo na mtu wa kwao, Nabwile aliinua programu, Jepchirchir akaitazama na kutikisa kichwa, kalamu ikapita. Saa sita ikawa saa nane, ikawa saa tisa. Kuku walipoa na hakuna aliyetoka. Nilimwona Wakhungu analegeza tai yake, kisha anaivua. Lilipofika jina la nambari sita, baba yake mwenyewe, maana na huyo alikuwa amemtumia, mtoto huyo mlaaniwa, ukumbi wote uligeuka kumtazama. "Tulimzika," alisema mwishowe, akiangalia viatu vyake.

Karibu saa kumi na moja Nabwile aliweka kalamu chini. "Nimemaliza," alisema. Sauti ilikuwa imemkauka. Watu wakaanza kupiga makofi.

Wakhungu aliruka kama mtu aliyemwagiwa maji. "Hapana! Hajamaliza!" Alikuwa ameshika orodha, amefika ukurasa wa tisa. "Mia tisa na tatu amerukwa. Afisa, andika hiyo. Mama Matanga amefuta waume wa wenzake wote, wake amemwacha hai. Ulisema wasibague!"

Makofi yakakatika. Sikuwa nimeona. Nilikuwa nimekaa karibu naye saa tano nzima, nikigeuza kurasa, na sikuona kwamba pale alipita haraka. Jepchirchir alitazama orodha, akatazama kitabu. Alisema polepole, kama mtu anayekanyaga miiba, "Ni kweli, mama. Huyu bado."

Nabwile aliketi. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana mzee. "Hilo jina naliona kila nikifungua," alisema, na alikuwa hasemi na mtu yeyote. "Miaka yote nikiwa kazini nilikuwa nafungua asubuhi, napita hapo, namsalimia. Tangu wanistaafishe sijaliona mpaka leo." Kisha hasira ikamrudia, akanyanyua kichwa akamtazama Wakhungu. "Wewe ulikuwa hujui hata kama alikuwa na vidole vingapi. Ulimpa mkono ili atuuze."

Alichukua kalamu.

"Eliakim, Kiminini, mia tisa na tatu," alisoma.

Mtu wa kwao alikuwa yeye mwenyewe. Alisimama, akajibu.

"Nilimzika."

Kalamu ikapita. Alipiga mstari mmoja tu, lakini aliukandamiza mpaka karatasi ikachanika kidogo.

Jepchirchir alihesabu, akahesabu tena, akatangaza kwamba hoja ya kuuza imeanguka, na kwamba zile karatasi anakwenda nazo kwa sababu sahihi za wafu ni kazi ya polisi. Mtu angetarajia nderemo. Hazikuwepo. Watu walikuwa wanamtazama Nabwile, aliyekaa na kitabu magotini, amewapa wote mgongo.

Na hapo ndipo nilipokumbuka ile siku ya 2011, mwongozaji akisema tuendelee, na mimi nikicheka. Mwanamke huyu alikuwa amesimama mbele ya makaburi ya watu wetu wote, kwenye jua na kwenye matope, na lilipofika kaburi la mumewe hatukuwa na mtu wa kumtuma. Hakuna aliyefikiria. Watu elfu kadhaa, na benki nzima, na hakuna. Nilijichukia kweli kweli. Nilisimama, magoti yakilia, nikaita kwa sauti ile ya kuita darasa lenye kelele.

"Eliakim, mia tisa na tatu," nilisema. "Debe inasema pole."

Chelagat akalirudia dirishani. Yule mzee wa mkongojo akalirudia. Kisha ukumbi mzima ukasimama, wote mia nne na jamaa zao, wakasema kwa pamoja, si vizuri sana, wengine wakiwa nyuma ya wenzao: Debe inasema pole.

Nabwile hakugeuka haraka. Alifunga rejista, akalipangusa jalada kwa leso yake, akanirudishia kalamu yangu.

"Mmechelewa miaka kumi na minne," alisema.